Kumlisha mnyamapori aliye mikononi mwako: mwongozo wa jikoni kutoka Mtwara

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kugusa kisu wala sufuria, naanza na ndoo ya mabaki. Namwaga kilichobaki jana juu ya turubai, natenganisha majani huku, viazi huku, maganda ya ndizi huku, kisha kila fungu linapanda mizani. Wageni wanaowahi kufika kwenye bustani yetu ndogo nje kidogo ya Mikindani hudhani nafanya usafi. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu muhimu kuliko zote za siku.

Kila mnyama anayetunzwa na binadamu ana milo mitatu. Upo mlo ulioandikwa kwenye karatasi, upo mlo uliowekwa kwenye sahani, na upo mlo ulioingia tumboni. Ugonjwa karibu wote niliowahi kuuona ukitokana na chakula ulizaliwa kati ya sahani na tumbo. Tumbili atachagua ndizi na embe, ataacha matembele na mbaazi, na jioni mhudumu ataandika "amekula vizuri". Kweli amekula vizuri, sukari.

Neno moja kabla ya kuendelea. Mnyamapori hafugwi kienyeji. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na wasimamizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mwongozo huu ni wa mwenye bustani, shamba au kituo chenye kibali, na wa vijana walioajiriwa humo bila kufundishwa. Ukiletewa mtoto wa komba aliyeokotwa msituni, usiulize kwanza anakula nini. Piga simu kwa maofisa wa wanyamapori. Komba wa Rondo, ambaye jina lake limetoka huku Lindi, yuko hatarini kutoweka, na kila mmoja anayegeuzwa mnyama wa kuchezea nyumbani ni hasara kwa msitu.

Hatua ya 1: Soma meno na utumbo

Usianze na swali la "huko porini anakula nini". Anza na "utumbo wake umeumbwa kufanya nini". Kwa jirani zetu wa Lindi, kule Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kati ya 1909 na 1913, na meno ni sehemu ya ushahidi uliowaonyesha wataalamu nani alikula majani na nani alikula nyama, ingawa hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja akila. Wewe una bahati, mnyama wako yuko hai mbele yako.

Mlanyama ana utumbo mfupi, na wengine hawawezi kabisa kutengeneza baadhi ya virutubisho. Jamii yote ya paka, kuanzia kimburu hadi chui, lazima ipate taurini na vitamini A iliyo tayari kutoka kwenye nyama. Karoti haimsaidii chui kwa lolote. Tumbili na kima, kama sisi, hawatengenezi vitamini C, na wakiikosa wanapata kiseyeye, fizi zinatoka damu na viungo vinauma.

Kwa wacheuaji kuna mgawanyiko ambao watu wengi huukosea. Mwanaanatomia Mjerumani Reinhold Hofmann alipochunguza matumbo ya wacheuaji wa Afrika Mashariki, aliwapanga katika makundi: walao nyasi kama nyati na nyumbu, wachumao majani ya vichaka kama paa na tandala, na wale wa katikati kama swala pala. Mchumaji wa vichaka akilazimishwa kula nyasi kavu tupu hukonda huku hori limejaa. Na yeyote kati yao akipewa pumba na mahindi kwa wingi, tumbo linachachuka, asidi inapanda, mnyama anavimba na kulala. Kwangu, nafaka na pumba kwa paa hazizidi sehemu moja ya kumi ya uzito mkavu wa mlo, yaani uzito bila maji.

Hatua ya 2: Mpime, kisha kokotoa

Bila mizani acha kabisa, maana utakuwa unabahatisha. Mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa korosho inatosha kwa wanyama wengi wadogo na wa kati. Mfundishe mnyama kuingia mwenyewe kwenye kikapu au kreti kwa kumpa kitu kidogo anachokipenda. Wiki mbili za subira zitakuokoa miaka ya kukimbizana.

Mnyama mwenye uzito mara mbili ya mwenzake hahitaji chakula mara mbili. Max Kleiber, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba matumizi ya nishati hupanda polepole kuliko uzito, kwa kipeo cha karibu robo tatu. Kwa mamalia hesabu yake ni hii: 70 zidisha kwa uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Jibu ni kilokalori za mnyama aliyelala tu. Mnyama mzima anayetembea ndani ya uzio, zidisha mara mbili upate mahali pa kuanzia.

Kikokotoo cha simu ya kawaida hakina kipeo hicho, lakini kuna njia ya mkato. Zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu, kisha bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili. Tumbili wa kilo 4: 4 × 4 × 4 ni 64. Ukibonyeza mara ya kwanza unapata 8, mara ya pili 2.83. Zidisha kwa 70 upate 198, mara mbili ni karibu kilokalori 400 kwa siku.

Sasa angalia. Ndizi mbivu bila ganda, gramu 100, ina kilokalori zipatazo 89. Wageni watano wakimrushia ndizi moja moja, wamemaliza mgao wake wa siku nzima na zaidi, na hajala protini ya maana.

Reptilia ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hachomi chakula ili kupasha mwili joto. Kwake weka 10 badala ya 70. Nungunungu wa kilo 12 anahitaji karibu kilokalori 900 kwa siku. Kobe wa kilo 12 anahitaji kama 130. Kobe anayelishwa kama nungunungu hufa taratibu kwa unono, na mwenyewe husema alikuwa na afya, alikuwa anakula sana.

Hatua ya 3: Panga mlo kwa vyakula vya huku kwetu

Hapa ndipo pana utamu wa kazi. Kusini tuna vyakula vizuri sana, vingine vina sumu, na vingine ni vyote viwili kwa pamoja.

Mabibo kwanza. Kuanzia Oktoba hadi Desemba yametapakaa chini ya mikorosho na watu wanayaacha yaoze. Gramu 100 za bibo zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, mara kadhaa ya chungwa. Miligramu 10 kwa kilo ya mwili ni kadirio salama kwa tumbili, kwa hiyo kipande cha gramu 25 kinamtosha yule wa kilo 4. Lakini toa la asubuhi hiyo hiyo. Lililolala linaanza kuchacha, na sote tunajua uraka, pombe ya mabibo, unavyotengenezwa. Niliwahi kuwakuta nungunungu wangu wawili wakiyumba kama wazee wanaotoka kilabuni. Korosho yenyewe isiingie bandani na ganda lake: mafuta ya ganda yanachoma mdomo na ngozi. Na msimu ukiisha, badilisha kwa mapera, mapapai au majani ya mlonge, usisubiri fizi zikuambie.

Muhogo ni nishati nzuri kwa nungunungu, ambaye porini huchimba mizizi kama tunavyochimba ming'oko. Tatizo ni sayanidi, hasa kwenye majani na kwenye muhogo mchungu. Mama zetu hutwanga kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Majani mabichi ya muhogo usimpe mcheuaji. Yakianikwa juani hadi yakauke vizuri, sumu hupungua sana na yanakuwa chakula chenye protini nyingi. Muhogo wenyewe nautoa wa mtamu, umemenywa na kuchemshwa, au makopa yasiyo na ukungu.

Mbaazi na mashudu ya ufuta nawaambia vijana waviweke kwenye sentensi moja. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mbaazi zina ile ya laisini kwa wingi lakini methionini kidogo. Ufuta uko kinyume chake. Zikikutana, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Kwa kanga, nungunungu na tumbili huo ni mchanganyiko bora kuliko vyakula vingi vya gunia. Ila mbaazi zichemshwe kwanza, na mashudu yasizidi kiasi, maana yana vitu vinavyoishika kalsiamu isitumike mwilini. Mchicha nao una tabia hiyo, ndiyo maana kwangu ni wa siku mojamoja, na matembele ni ya kila siku.

Lukina, mti wa malisho, inastawi kila mahali na mbuzi wanaipenda. Ina sumu iitwayo mimosini, ambayo huwanyonyoa manyoya wanyama wasiocheua. Hata kwa paa naichanganya na matawi mengine, siitoi peke yake.

Karanga na mahindi: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 ilipoteza maisha ya watu Dodoma na Manyara, basi fikiria ndege wa gramu 50. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu haiendi popote isipokuwa kuchomwa. Kuikaanga hakuondoi sumu hiyo. Na parachichi, hata liwe zuri namna gani, marufuku kwa kasuku na ndege wengine. Lina persini inayoharibu moyo wao.

Kwa paa na wachumaji wengine, ning'iniza matawi. Mpera, mkwaju na mforosadi nimeyatumia miaka mingi bila shida. Epuka mbono, mbarika, mnyaa na oleanda ya maua inayopandwa kwenye hoteli. Hesabu kwa uzito mkavu: paa wa kilo 10 anahitaji karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani gramu 300. Majani mabichi yana maji kama asilimia 70, kwa hiyo ni kilo 1 ya majani. Kwa kuwa tawi lina mti usiolika, ning'iniza kilo 2 hadi 3, pima kinachobaki.

Huu hapa mlo wa yule tumbili wa kilo 4, kama ninavyouandika ubaoni:

- matembele na majani mengine, gramu 200
- bamia, boga, bilinganya, gramu 150
- kiazi kitamu cha kuchemsha, gramu 80
- mbaazi za kuchemsha, gramu 80
- nusu yai la kuchemsha
- matunda, pamoja na bibo, gramu 80
- karanga safi, gramu 10, za kufichwa kwenye majani akazitafute

Jumla inakaribia kilokalori 400. Matunda ni kidogo kwa makusudi. Tunda la msituni lina nyuzinyuzi na mbegu nyingi, nyama kidogo. Embe la sokoni limechaguliwa na binadamu kwa vizazi vingi kwa ajili ya sukari. Majina yanafanana tu.

Hatua ya 4: Walanyama, na kosa langu

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii, nililetewa fungo mchanga. Nilimpenda, nikampa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyojua: steki ya ng'ombe, isiyo na mfupa, niliyoikatakata mwenyewe. Baada ya wiki sita miguu ya mbele ilikuwa imepinda, na akiguswa mgongoni analia. Matege. Daktari wa mifugo aliponiuliza mifupa inatoka wapi kwenye steki, sikuwa na jibu.

Nyama tupu ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati mwili unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo. Isipotosha, mwili unaichota kwenye mifupa. Dawa bora ni mawindo mazima: kuku na manyoya yake, sungura, panya wa kufugwa kwa kazi hiyo (wa mashambani, ambao kwetu wana wateja wengine, huenda wamekula sumu). Ukilazimika kutumia nyama tupu, ongeza kalsiamu kabonati gramu 5 hadi 6, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kilo ya nyama. Usitumie DCP, ule unga wa madini wa mifugo, hapa, kwa sababu ina fosforasi nyingine juu ya ile iliyozidi tayari. Na chokaa iwe ya mifugo. Ya kupaka ukuta inaunguza utumbo.

Maini ni mazuri mara moja kwa wiki, kipande. Yakiwa ya kila siku, vitamini A inarundikana na kuharibu mifupa ya shingo. Paka wakubwa wazima wanaweza kushinda siku moja ya wiki bila kula, hawadhuriki.

Nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa au aliyetibiwa karibuni ikatae hata ikiwa ya bure. Kwa tumbusi ni kali zaidi: mwaka 2004 ilibainika kwamba diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza tumbusi wa Asia Kusini waliokula mizoga.

Wala samaki wana mtego wao. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwamo wa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya cha thiaminesi kinachoharibu vitamini B1, na mnyama anayekula aina moja tu kila siku anaanza kutetemeka na kupoteza mwelekeo. Changanya aina za samaki, wape wazima na utumbo wao, na kwa samaki wa friza ongeza thiamini miligramu 25 hadi 30 na vitamini E vipimo 100 vya kimataifa kwa kila kilo, ndani ya shavu la samaki, muda mfupi kabla ya kumlisha. Dagaa wa chumvi hawafai.

Hatua ya 5: Kobe na mamba, jua na joto

Kobe ni mla nyasi mwenye subira. Nyasi, matembele, maua na majani ya hibiskasi, mpungate uliochomwa miiba. Basi. Wali haumfai, chakula cha mbwa kitamharibia figo, na matunda yatamharisha. Kalsiamu iko ufukweni bure: mfupa mweupe wa dome unaosukumwa na maji, uoshe, ukaushe, uweke kwenye kona ya banda ajitafunie. Gamba lenye vinundu kama vilima mara nyingi ni dalili kwamba alikulia pakavu mno, kwa hiyo mtoto wa kobe apate sehemu yenye unyevu na maji ya kuogea kila siku.

Lakini kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D3, na kobe huitengeneza ngozini kwa miale ya urujuanimno. Kioo huizuia miale hiyo. Kobe aliyewekwa kwenye boksi la kioo dirishani anapata joto tu. Mtoe nje, asubuhi na alasiri, penye jua na kivuli cha kukimbilia.

Mamba na chatu humeng'enya chakula kwa joto la nje. Wakati wa kusi, Juni na Julai, usiku ukipoa, chakula kinaweza kukaa tumboni bila kusagwa hadi kioze. Miezi hiyo nawalisha mchana wenye jua, kwa vipande vidogo, na siku ya mawingu na upepo naahirisha.

Hatua ya 6: Badilisha taratibu

Siku 10 hadi 14. Robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, na kuendelea. Wadudu wasioonekana kwa macho walioko tumboni mwa mcheuaji ndio wanaosaga chakula, nao wanahitaji muda wa kubadilika. Gawa mgao mara tatu au nne kwa siku, tawanya, ficha kwenye magogo, ning'iniza. Tumbili anayemaliza sahani kwa dakika tano anabaki na saa kumi za kung'oa manyoya ya mwenzake.

Jikoni, kanuni ni zile za jikoni popote: ubao wa nyama usikutane na wa matunda, samaki ayeyuke ndani ya friji na si juani, na umeme ukikatika usiku kucha usirudishe kwenye friza kilichokwisha kulegea. Onja maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mnyama hana namna ya kukuambia.

Hatua ya 7: Daftari

Safu nne zinatosha: kilichotolewa, kilichobaki, uzito wa mwili kila wiki, na hali ya choo. Uzito ukishuka asilimia 5 ndani ya wiki, au mnyama akiacha chakula anachokipenda kuliko vyote, ita daktari siku hiyo hiyo. Kwa ndege usisubiri hata kesho. Pima kidari kwa kidole, maana manyoya yanaficha kukonda hadi dakika ya mwisho. Mkaguzi akija, daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Wageni walikuwa vita yangu ya muda mrefu. Bango la "usiwalishe wanyama" halikusomwa na mtu. Siku hizi getini pana kikapu cha matembele yaliyofungwa vifungu vidogo, mgeni ananunua kimoja, anamshikia tumbili kupitia wavu, watoto wanacheka, simu zinapiga picha. Vifungu ni 12 kwa siku. Nimeshavipima asubuhi, nikavitoa kwenye zile gramu 200 za ubaoni.